Sikumwona

Saa tisa za usiku, Ganda imelala kifudifudi,
namtoa Blekmamba nje kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika bawaba, mlango usilie.
Tanuri la Maweni halina subira:
ukichelewa unga unafura, unamwagika,
na Bwana Bafadhili anakukata mshahara
kwa kisu kilekile cha siagi.

Miaka minne niliendesha hivi:
shati jeusi, baiskeli nyeusi,
na mimi mwenyewe, Mungu hakunibania wino.
Tochi niliifunga mbele kwa mpira wa tyubu.
Nikaona mashimo, nikaona nyoka akivuka,
nikaona, nikaona,
nikadhani anayeona huonekana.

Kisha Tsofa.
Kona ya mikorosho, Jumanne, mvua imekatika punde.
Pikapu ya muguka, mbio zake mnazijua,
na dereva, kijana, ameketi chini kwenye lami,
mikono kichwani, neno lake moja:
"Sikumwona. Wallahi sikumwona."
Tulitaka awe mwongo.
Mwongo angetufaa, tungejua la kumfanya.
Lakini mimi ndiye niliyeiokota baiskeli mtaroni
nikaitafuta mahali inapong'aa:
hata pedeli zilikuwa zimevaa kaniki.

Nyevu hakusema kitu siku ile.
Kesho yake alitoka sokoni na koti bovu
la watengeneza barabara, rangi ya ndimu iliyoiva,
limechanika mgongo, shilingi hamsini.
Akalibandua tepe zake za fedha,
mbili akazipishanisha mgongoni mwa shati langu,
mbili vifundoni, kwani mguu, alisema,
mguu unaopanda na kushuka ndio unaosema "ni mtu";
kinachong'aa kimetulia chaweza kuwa bati la nyumba.
Akashona kwa uzi wa magunia.
Nyuma ya kiti akafunga taa nyekundu.
"Inapepesa kama jicho la mnywa mnazi," nikamwambia.
"Na ipepese. Mlevi hukwepwa na kila mtu."

Usiku wa kwanza niliona haya.
Ngumbao, mlinzi wa kituo cha mafuta,
alinimulika akaona vimoto viwili
vikipanda, vikishuka, havina mwenyewe.
Akaacha rungu, akaacha redio, akaacha kiatu kimoja.
Nikamwita kwa jina, ndipo akazidi mbio:
jini anayejua jina lako!
Hadi leo hunigusa bega kwanza,
ndipo anisalimu.

Lori la mawe likija nyuma
kivuli changu hunitangulia, kirefu, chembamba,
na zamani nilikuwa nikikifuata nikisoma shahada.
Sasa nasikia injini ikishusha sauti,
ikinipisha,
kama mtu anavyompisha mja mzito mlangoni.

Saa nne za asubuhi narudi nimejaa unga hadi kope,
mweupe kama maiti aliyeghairi.
Watoto wananiona toka mbali, wanacheka.
Jua limewaka. Kila kitu kinaonekana bure.

Tepe ilibaki, shubiri mbili.
Nyevu alitaka tuiweke akiba.
Mimi niliipeleka kwa Mbeyu, mamake Tsofa.
Rimu ilikuwa imenyooshwa kwa nyundo, bado inayumba;
Jefwa, kitinda mimba, huendea shule alfajiri.
Tuliibandika kwenye madigadi, tukaikaza kwa waya.

Mbeyu akaomba tochi, mchana ule ule.
Akafunga mlango, akaziba dirisha kwa leso,
chumba kikawa usiku.
Akamulika.
Tepe ikaitika.
Akazima. Akamulika tena. Akazima.
Jefwa akafungua mdomo, nikamshika mkono.
Tukasimama gizani, kimya,
tukimngoja atosheke.